Jiji Halionekani Mpaka Upoteze Kitu

Washikaji wa kalamu, leo nina ugomvi kidogo. Kila mara inatoka picha mpya inayosifiwa kwamba "imelionyesha jiji". Ukiifungua unakuta mambo yaleyale: kamera imepanda angani, bahari inang'aa, maghorofa ya Posta yamesimama kama chupa za soda kwenye kreti, Daraja la Tanzanite linawaka taa usiku, muziki unapiga, halafu stelingi anashuka kwenye gari la vioo vyeusi. Baada ya hapo tunaingia sebuleni, tunakaa kwenye makochi, na hatutoki tena mpaka picha iishe. Hilo si jiji. Hilo ni jiji linauza sura.

Mimi ni mtu wa riwaya, au tuseme natamani kuwa mtu wa riwaya. Nimeishia kidato cha nne, sijasomea sinema popote. Shule yangu ya picha ilikuwa banda la video la mtaani, na siku hizi ni simu yenye kioo kilichopasuka. Lakini picha za majiji naziangalia kwa sababu moja: nataka kuiba ujuzi. Nataka kujua wenzetu wanafanyaje mpaka mtu ambaye hajawahi kukanyaga Roma asikie miguu inamuuma kwa kuizunguka Roma. Nimeangalia, nimerudia, na nimefikia jambo moja ambalo nitalitetea hapa mpaka mwisho: jiji halionekani kwa kulitazama. Linaonekana pale mtu anapopoteza kitu ndani yake, akalazimika kukitafuta. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Wao walisema njia. Mimi naongeza baiskeli, mzigo na petroli. Hebu tuzichukue moja moja.

Baiskeli ya Roma

Tuanze na baba lao. Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, picha ya Vittorio De Sica, ilitoka Italia mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu nyuma yake, na kazi hakuna. Nje ya ofisi huko Val Melaina, pembezoni mwa Roma, wanaume wamejazana wakisubiri majina. Anaitwa Antonio Ricci. Kazi ipo: kubandika mabango ukutani. Sharti ni moja, uwe na baiskeli. Na yake iko rehani. Mkewe, Maria, hakai chini kulia. Anavua mashuka ya kitandani, anayafunga furushi, wanakwenda kuyaweka rehani ili baiskeli itoke.

Hapo kuna kipande ambacho nimekirudisha nyuma mara tatu. Mfanyakazi wa rehani analipokea furushi la Maria, anakwenda nalo kwenye rafu, anaanza kupanda. Anapanda, anaendelea kupanda. Rafu ni ndefu kama ukuta wa ghala, na zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayetuhutubia kuhusu umaskini. Lakini tayari umeelewa kwamba mji mzima umelala kwenye magodoro matupu. Mwandishi mwingine angetumia kurasa kumi za "hali ya maisha ilikuwa ngumu". De Sica ametumia ngazi na mtu anayepanda.

Siku ya kwanza kazini, Ricci yuko juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, yule mrembo wa Hollywood. Kijana mmoja anairukia baiskeli, huyooo! Anafukuzwa, anapotelea kwenye magari. Na sasa ndipo Roma inapofunguka, kwa sababu mtu aliyeibiwa hana adabu ya mgeni. Anaingia kila mahali. Anakwenda polisi, anaandikiwa maelezo, anaambiwa kwa maneno mengine: katafute mwenyewe. Anakwenda sokoni Piazza Vittorio na marafiki zake wazoa taka. Anakwenda Porta Portese, mvua inawanyea yeye na mwanawe mdogo, Bruno. Anaingia kanisani kwenye misa ya maskini wanaosubiri kugawiwa chakula. Anakwenda mpaka kwa mama mtabiri. Hakuna mtalii atakayezungushwa namna hiyo. Ricci hana muda wa magofu ya Warumi. Magofu hayamsaidii kupata baiskeli.

Soko la Piazza Vittorio ndilo lililonifungua macho kabisa. Hawatafuti baiskeli pale. Wanajua mwizi ameshaifungua vipande vipande. Kwa hiyo wanagawana kazi: wewe angalia fremu, wewe angalia matairi, mtoto aangalie pampu na kengele. Meza baada ya meza, vyuma vya baiskeli za watu. Kwa kupoteza kitu kimoja tu, Ricci ameoneshwa jinsi mji unavyotafuna na kumeza.

Halafu anampata mwizi. Anamfuata mpaka mtaani kwake. Nilitegemea sasa tutashangilia, kama tunavyoshangilia bandani adui akikamatwa. Wapi! Mwizi anaanguka kifafa, mtaa mzima unamkingia kifua, askari anapekua chumba cha mama yake na hakuna kitu mle, chumba chenyewe ni dhiki tupu. Huyo aliyeiba ana njaa kuliko aliyeibiwa, au sawasawa. Mwisho Ricci anakaa nje ya uwanja wa mpira, baiskeli za watazamaji zimepangwa mamia, na yake haimo. Anamwambia Bruno apande tramu atangulie. Kisha anaiba. Anakamatwa palepale, anazabwa makofi, na Bruno aliyekosa tramu anaona yote. Mwenye mali anamwonea huruma, anamwacha aende. Baba analia, mtoto anamshika mkono, wanamezwa na umati.

Ricci aliigizwa na Lamberto Maggiorani, fundi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji kabisa. David O. Selznick wa Hollywood alikuwa tayari kutoa fedha, lakini alitaka nafasi hiyo apewe Cary Grant. De Sica akakataa. Hebu fikiria ingekuwaje: Cary Grant anatembea Roma, na sisi wote macho kwa Cary Grant. Roma ingebaki pazia la nyuma. Stelingi akiwa mkubwa kuliko jiji, jiji linakufa. Kasoro ya picha hii kwangu ni muziki wake, unatulazimisha kulia hata pale ambapo tungelia wenyewe.

Mzigo wa Nairobi

Msije mkasema nawapeleka mbali. Tuje hapa kwa majirani. Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, ilitoka mwaka 2012, na ndiyo picha ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Nyuma yake alikuwepo Mjerumani Tom Tykwer na kampuni yake, lakini mdomo wa picha ni wa Nairobi.

Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza mikanda ya video kwa kuiigiza mbele ya wateja. Anatamani uigizaji. Kinapita kikundi cha michezo ya kuigiza kutoka Nairobi, jamaa mmoja anamwambia atamsaidia kwa shilingi 1,000. Mwas anazo 500. Nyingine aje nazo mjini. Binamu yake naye anampa redio ya gari na fedha apeleke dukani River Road. Basi, anaingia Nairobi na mzigo wa watu na ndoto yake. Siku hiyohiyo ya kwanza anakwapuliwa kila kitu.

Mnaona? Ni mlango uleule wa De Sica. Kabla ya kuibiwa, Nairobi ya Mwas ni ile ya kwenye kalenda. Baada ya kuibiwa, anaijua selo ya polisi na choo chake, ambacho analazimishwa kukisafisha. Humo selo anakutana na Oti, na Oti ndiye anayempeleka Gaza kwa genge lake. Na genge linafanya kazi gani? Linafungua magari: taa, vioo vya pembeni, chochote kinachong'oka, linauza kwa wenye maduka ya vipuri. Baiskeli za Roma zimekuwa magari ya Nairobi. Sijui kama Gitonga alikuwa anamfikiria De Sica, wala haidhuru. Jiji kubwa lolote lina soko la vipande vya mali za watu. Hata hapa Dar jamaa hutaniana kwamba ukiibiwa kioo cha gari asubuhi, tulia, jioni utauziwa hichohicho kwa bei ya rafiki.

Kitu ambacho Nairobi Half Life inaishinda hata ile ya Italia ni sikio. Watu wake wanaongea Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza, na hawachanganyi ovyo. Lugha inabadilika kadiri mlango unavyobadilika. Kijijini wanasema hivi, genge linasema vile, na kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani wanasema namna nyingine kabisa. Mwas anavuka jiji kwa ulimi kabla ya kulivuka kwa miguu. Ukifumba macho bado unajua uko mtaa gani. Sisi tunaoandika riwaya za Kiswahili tujiulize: kwa nini tajiri wa Masaki, konda wa Mbagala na bibi wa Kizaramo, katika vitabu vyetu, wote wanaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari?

Nayo ina mapungufu. Amina, msichana anayependwa na Mwas, yuko pale apendwe tu. Hatujui yeye anatafuta nini, kapoteza nini. Nairobi ya wanawake imefungwa mlango. Na mwisho umebanwa, damu inamwagika haraka kama mwongozaji amekumbuka kwamba muda umekwisha. Lakini pale Mwas anapopanda jukwaani baada ya yote yaliyompata, huku watazamaji hawajui anatoka wapi, nilielewa jina la picha. Kila aliyekaa ukumbini anaijua nusu ya Nairobi. Mwas peke yake ndiye anayezijua zote mbili.

Petroli ya Kinshasa

Mpaka hapa aliyepoteza ni mtu mmoja. Je, jiji zima likipoteza kitu? Ndiyo hesabu aliyoipiga Djo Tunda Wa Munga katika Viva Riva! ya mwaka 2010, picha ya Kifaransa na Kilingala. Kinshasa haina petroli. Riva anarudi nyumbani baada ya miaka kumi na lori la petroli aliyowaibia wakubwa wake wa Angola. Haiuzi mara moja. Anangoja bei ipande, na wakati anangoja anakula raha. Wenye mali wanamfuata.

Uzuri wa ujanja huu ni kwamba petroli haibagui. Mwenye gari anaihitaji, mwenye jenereta anaihitaji, hata mwanamke mwanajeshi aliyebanwa na Waangola anajikuta anaisaka. Kila mtu analazimika kukutana na kila mtu. Siipendi yote: inawaonea fahari majambazi wake kupita kiasi, na ukatili mwingine umewekwa ili tushtuke tu. Lakini joto, giza la umeme kukatika, na ule ukaidi wa watu kucheza dansi wakati hakuna kinachofanya kazi, hivyo nimevisikia kwenye ngozi.

Mtu atanipinga: mbona kuna picha za jiji ambazo hakuna aliyeibiwa? Sawa. Chukua Bab el-Hadid ya Mmisri Youssef Chahine, ya mwaka 1958. Karibu yote imo ndani ya kituo kikuu cha treni cha Cairo. Qinawi, kilema anayeuza magazeti, nafasi aliyoicheza Chahine mwenyewe, anampenda Hanuma, muuza vinywaji baridi, naye Hanuma ana mchumba wake, mpagazi. Qinawi hajapoteza kitu, amekosa. Lakini kukosa ni ndugu wa kupoteza, maana nako kunamtembeza mtu. Na yule Hanuma anavyokimbia na ndoo yake polisi wakitokea! Ukiwahi kuona wamachinga wakitawanyika mgambo wanapoingia, hutahitaji tafsiri ya Kiarabu.

Eti picha hizi zinatuaibisha

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Kuna watu, na wengine ni wasomi kabisa, wanaosema picha za namna hii zinachafua jina la nchi. Kwa nini wezi? Kwa nini selo? Onyesheni maendeleo, onyesheni mwendokasi na madaraja.

Hoja hiyo ni kongwe. Mwaka 1952 Giulio Andreotti, aliyekuwa serikalini Italia akisimamia mambo ya sinema na baadaye akawa Waziri Mkuu, alimwandikia De Sica barua ya wazi kumlaumu kwa picha yake nyingine, Umberto D., kwamba anaionyesha dunia Italia mbaya. Leo anayetaka kuijua Roma ya miaka ile anakwenda kwa De Sica. Mficha uchi hazai.

Lakini nisiwajibu kwa methali peke yake, maana wana nusu ya haki. Umaskini nao unaweza kuuza sura. Kuna picha zinazoingia vibandani kama watalii wanavyoingia mbugani: mfereji mchafu, mtoto uchi, kamera inatulia, tunahurumia, tunatoka. Hiyo ni ile kamera ya angani iliyoshushwa chini tu. Tofauti ni hii: Ricci hatuoneshi umaskini. Anatafuta baiskeli. Mwas hatuoneshi Gaza. Anatafuta pa kulala. Mhusika akiwa na shida yake kichwani, hana nafasi ya kutupigia picha za ukumbusho, na sisi tunaomfuata tunaliona jiji kwa pembeni, kama mtu anavyoliona kweli akiwa anawahi gari. Hata mwendokasi naruhusu, bwana. Lakini mweke ndani yake mtu aliyegundua akifika Ubungo kwamba pochi haipo mfukoni.

Sisi na Dar yetu

Tusijidharau kwamba tunaanzia sifuri. Waandishi wetu wa riwaya za upelelezi waliligusa hili zamani. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walitupitisha mahotelini, bandarini na vichochoroni kwa sababu mpelelezi ana kisingizio cha kugonga kila mlango. Ndiyo maana vitabu vile vilisomwa mpaka vikachanika. Ila mpelelezi anatafuta kilichopotea kwa wengine. Ana bastola, ana kitanda kizuri kinamngoja, na akishindwa analijaribu tena kesho. Ricci akishindwa, mwanawe hali. Hapo ndipo sisi tunaweza kusogea hatua moja mbele ya kaka zetu.

Kwa nini nalifanya jambo hili kuwa zito? Kwa sababu jiji hili linabadilika kila uchao na halituulizi. Mabanda ya video yamekwisha au yamekuwa ya kuangalizia mpira. Nyumba za chini za Kariakoo zinavunjwa, maghorofa yanapanda. Vituo vinahamishwa, na majina yake yanabaki midomoni mwa makonda tu. Kamera ya angani haitatunza hata kimoja cha vitu hivyo. Wajukuu wetu wakitaka kujua Dar ilinukaje saa kumi na mbili jioni, nani alimsukuma nani mlangoni mwa daladala, chenji ilirudishwaje au haikurudishwa, wataulizia wapi? Wataulizia kwetu, kama tutakuwa tumeandika. Kamera ni ghali. Daftari bado tunalimudu.

Basi, natoa zoezi kwa kila anayesoma gazeti letu hili. Mchukue mtu mmoja, mwanamke ikiwezekana, maana deni la Amina bado halijalipwa. Mpotezee kitu kidogo chenye uzito: funguo ya chumba, kitambulisho, simu yenye namba ya mtu mmoja, mkoba wa fedha za mchezo wa wenzake. Mpotezee Kariakoo saa kumi jioni. Usitaje ghorofa hata moja mpaka alihitaji. Usitaje bahari mpaka imzuie kupita. Mfuate mpaka usiku, na kila anayekutana naye aongee kama anavyoongea kwao. Kurasa tano zinatosha. Na wewe unayeona nimepotoka, unayeamini jiji linaweza kuonekana toka juu, andika utupinge. Ila utaje picha moja, jina na mwaka, tuikalie chini sote tuitazame.